Mrushaji hodari asipohesabiwa mshindi

MNAMO Novemba 2025, wanahabari 30 wa besiboli nchini Marekani walipiga kura kumteua mrushaji bora wa Ligi ya Kitaifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya mchezo huo. Wote 30, bila hata mmoja kwenda kinyume, walimweka Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates katika nafasi ya kwanza na kumtuza taji la Cy Young.

Ajabu ni kwamba rekodi rasmi ya kijana huyo msimu huo ilisoma hivi: alishinda mechi 10, akashindwa 10.

Msomaji aliyezoea soka atauliza, na ana haki ya kuuliza: mtu mmoja anashindaje au kushindwa peke yake katika mchezo wa watu tisa? Hakuna gazeti linaloandika kwamba kipa fulani ameshinda mechi 10. Timu ndiyo hushinda.

Besiboli ina desturi yake. Kila mechi inapomalizika, jina la mrushaji mmoja wa timu iliyoshinda huandikwa kuwa mshindi, na jina la mmoja wa timu iliyolazwa huandikwa kuwa aliyeshindwa. Hesabu hizo humfuata mchezaji maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu ndizo husomwa kwanza anapofikiriwa kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa.

Kanuni inayohusika ni ya 9.17, na msingi wake ni sahili. Mshindi ni yule aliyekuwa akirusha mpira wakati timu yake ilipochukua uongozi ambao haukupotea tena hadi mwisho. Iwapo aliondolewa uwanjani na papo hapo wenzake, katika zamu yao ya kupiga, wakafunga na kutangulia, ushindi bado ni wake.

Hata hivyo, mrushaji aliyeanza mechi ana sharti la ziada. Katika mechi ya kawaida ya awamu tisa, lazima amalize awamu tano. Akitoka baada ya awamu nne na theluthi mbili huku timu yake ikiongoza 8-0, hapati kitu.

Hapo ndipo karani rasmi wa mechi hupewa uamuzi. Yeye huchagua, miongoni mwa warushaji wa akiba walioingia, yule aliyefanya kazi ya maana zaidi. Vilevile, karani anaweza kumnyima ushindi mrushaji wa akiba aliyeingia kwa muda mfupi akavuruga mambo, na kumpa mwingine aliyemfuata. Lakini hana ruhusa ya kumrudishia yule wa kwanza aliyekosa awamu tano, hata kama kila aliyekuwa uwanjani aliona ndiye aliyeibeba timu.

Kuna kifungu kingine chenye uchungu zaidi. Mara tu timu zinapotoshana pointi, mechi huchukuliwa kama imeanza upya kwa ajili ya kumtafuta mshindi. Yaliyotangulia hufutika.

Tuchukue mfano. Mrushaji anacheza awamu nane bila kufungwa na kuondoka timu yake ikiongoza 1-0. Wa akiba anaingia katika awamu ya tisa, anaruhusu pointi ya kusawazisha, kisha wenzake wanapiga na kufunga pointi ya pili. Mshindi rasmi ni nani? Ni huyo aliyeharibu. Wamarekani humwita tai mla mizoga, kwa kuwa amejilia windo la mwenzake.

Klabu hiyo hiyo ya Skenes inakijua vyema kilio hiki. Mnamo Mei 26, 1959, Harvey Haddix wa Pirates aliwatoa wapigaji 36 wa Milwaukee Braves mfululizo, awamu 12 nzima bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Ni kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kabla yake.

Lakini wenzake hawakufunga. Katika awamu ya 13, kosa la mlinzi wa Pirates lilimruhusu mpigaji wa kwanza kufika kituoni, na baadaye mpigo mmoja ukaimaliza mechi 1-0. Hata ile pointi haikuhesabiwa kuwa kosa la Haddix. Kushindwa, hata hivyo, kuliandikwa kwa jina lake. Mshindi alikuwa Lew Burdette wa Braves, aliyepigwa vizuri mara 12 katika mechi hiyo.

Si kwamba hesabu hii ilizaliwa ya kipuuzi. Enzi za Cy Young mwenyewe, aliyestaafu mwaka wa 1911 akiwa na ushindi 511, mrushaji alianza mechi na mara nyingi akaimaliza. Kusema ameshinda hakukuwa mbali sana na ukweli.

Siku hizi warushaji wanne au watano hupokezana katika mechi moja. Tangu Mei 2018, Tampa Bay Rays walipoanza kumtumia Sergio Romo kwa awamu ya kwanza pekee kisha kumwingiza mwingine wa kurusha awamu nyingi, hata neno "aliyeanza" limepoteza maana yake ya zamani.

Wapiga kura walichelewa kuliona hili. Mwaka wa 1990, Bob Welch wa Oakland alitunukiwa taji la Cy Young la Ligi ya Marekani kwa kuwa alishinda mechi 27. Roger Clemens wa Boston alishinda 21, lakini wastani wake wa pointi alizofungwa kwa kila awamu tisa ulikuwa 1.93 dhidi ya 2.95 wa Welch. Kwa maoni yangu, Clemens alidhulumiwa.

Miaka 20 baadaye mizani iligeuka. Felix Hernandez wa Seattle alituzwa akiwa na ushindi 13 na vichapo 12, katika timu iliyopoteza mechi 101. Mnamo 2018 Jacob deGrom wa New York Mets akatuzwa kwa ushindi 10 tu. Wastani wake ulikuwa 1.70.

Wa Skenes ulikuwa 1.97 msimu wa 2025, huku Pirates wakipoteza mechi 91 kati ya 162. Wapigaji wake hawakumfungia. Angefanya nini zaidi?

Suala hili lina pesa ndani yake pia. Mkataba uliotiwa saini mwaka wa 2022 kati ya wachezaji na wamiliki wa klabu ulitenga dola milioni 50 kila mwaka kwa wachezaji chipukizi, na chipukizi anayetwaa taji la Cy Young hupata dola milioni 2.5. Lau wapiga kura wangeendelea kuhesabu ushindi kama mwaka wa 1990, kijana aliyeangukia timu dhaifu angekosa fungu hilo kwa udhaifu wa wenzake.

Wapo wanaotaka hesabu hii ifutwe kabisa. Siafikiani nao, kwa kuwa vitabu vya zaidi ya karne moja haviwezi kusomeka bila hiyo. Ila sharti la awamu tano limepitwa na wakati, na karani anayeaminiwa kuchagua miongoni mwa warushaji wa akiba anaweza pia kuaminiwa kumchagua aliyeanza.

Mrushaji wa mwisho kufikisha ushindi 300 ni Randy Johnson, mnamo Juni 2009. Skenes alimaliza misimu yake miwili ya kwanza akiwa na 21. Akiendelea kupata 10 kwa mwaka, atahitaji misimu mingine 28.