Mtoto Hujifunza Nini Uwanjani?

Juma lililopita jirani yangu, mkulima mwenye bidii, alinikuta njiani akaniuliza, "Mzee, hebu niambie. Mwanangu hurudi kutoka shule jua limekwisha kutua, na ng'ombe hawajanyweshwa. Huo mpira utamfaa nini?" Nilitaka kumjibu upesi, kama walimu wajibuvyo, ya kuwa michezo hujenga tabia njema. Walakini ulimi ulikuwa mzito, maana nilikumbuka jambo lililotupata shuleni zamani.

Siku ya kushindania kikombe mwalimu wetu alituletea mchezaji tusiyemjua, mtu mzima ambaye ndevu zake zilikuwa zimenyolewa asubuhi ile ile, akatuamuru tumwite kwa jina la mwenzetu aliyelala mgonjwa. Siku hizi watu wa namna hiyo huitwa mamluki. Tulishinda kwa mabao matatu, tukaimba njia nzima. Mwenzetu alipopona akaambiwa ya kuwa jina lake limefunga mabao mawili. Alicheka, lakini hakucheza nasi tena. Mimi nami nilipata elimu siku ile: refa aliponiuliza yule ni nani, nilimdanganya bila kupepesa macho. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Basi, wasomaji wangu, asiseme mtu ya kuwa mpira peke yake humfanya kijana kuwa mwema. Uwanja humfundisha mtoto yale ambayo wakubwa wake huyafanya pale, mema na mabaya.

Hata hivyo mema yapo, tena makubwa. Watu wengi wanakumbuka jinsi Kipchoge Keino alivyoshinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha mbali Jim Ryun wa Marekani. Ni wachache wanaomkumbuka Ben Jipcho. Yeye ndiye aliyetangulia, akaumaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, mwendo mkali mno katika mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200, ambako hewa ni haba. Kusudi lilikuwa Ryun, aliyeogopwa kwa kasi yake ya mwishoni, asipate nafasi ya kuitumia. Keino alipokamata uongozi, Jipcho alirudi nyuma akamaliza wa kumi, mikono mitupu. Wako walioona si haki, ingawa hakuvunja sheria. Na baadaye Jipcho mwenyewe alimwomba Ryun radhi, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko mbio zenyewe. Mwaka 1972, huko Munich, Keino alishinda mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na wa pili akawa Jipcho. Mwaka 1974, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Jipcho alipata nishani mbili za dhahabu.

Nadhani ni vigumu mtu kuanza kujinyima hivyo ukubwani. Huanza utotoni, siku unapompa mpira mwenzako aliye karibu na goli kuliko wewe, hali baba yako anakutazama.

Nilimwambia jirani yangu hayo yote, hata habari za yule mwenye ndevu. Nikamwambia pia, "Kwanza njoo uone mwalimu anawafundisha nini. Ng'ombe tutawazungumza baadaye."

Alikuja Jumamosi, akasimama pembeni na fimbo yake. Karibu na mwisho, timu zikiwa sawa, mpira ulitoka nje na refa akaipa timu yetu. Mwanawe aliinua mkono akasema ya kuwa umemgusa yeye. Wenzake wakamguna. Mwalimu hakumkemea, alipiga makofi mara mbili tu, akawaambia warudi nyuma wakalinde goli.

Jirani yangu hakusema neno njia nzima. Jioni ile nilipopita mtoni nilimkuta akiwanywesha ng'ombe mwenyewe.