Kazi ya Watu Wazima

Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, kitabu kuhusu nchi ya jina hilo iliyo angani, na katika nchi hiyo akamsimamisha kizimbani mtu anayeitwa Karama. Karama hakuiba wala hakuua. Kosa lake ni kuanzisha mafunzo ya uanasheria mahali ambapo hayajawahi kuwapo, na Waziri Majivuno anataka apewe adhabu kali. Karama anajitetea kwa siku sita. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa na nchi hiyo kwenda kutafuta mema ya kwingine: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na habari. Kila mjumbe alitiwa gerezani.

Wengi wetu tulikutana na Kusadikika darasani, tukakisoma huku tukiuwaza mtihani. Tuliambiwa ni fumbo juu ya utawala wa kikoloni, na ni kweli. Lakini mtu akikirudia ukubwani, kuna jambo linalomkaba koo ambalo mwalimu hakuligusa: Kusadikika yenyewe ndiyo iliyowatuma wajumbe wale. Iligharimia safari zao na ikawaaga. Nchi ile ilitaka mabadiliko. Ilichoshindwa kuvumilia ni mtu aliyerudi akiwa ameyaona yasiyokuwapo nyumbani, akayaeleza kinaganaga, akataka yaanze.

Mwandishi wake alikuwa na umri wa miaka 42, karani katika utumishi wa serikali ile ile ya kikoloni. Hatuna budi kulitafakari hilo. Mtu mwenye meza, mwenye mkubwa wake wa kazi na mshahara wa kulinda, alikaa akaibuni nchi nzima, na mahakama yake, na magereza yake, na watu wenye uthubutu wa kusema. Tanganyika ilikuwa bado miaka kumi kabla ya Uhuru.

Ninaanza naye kwa sababu tumejenga mazoea mabaya ya kuiona kazi ya kubuni na kuwaza kuwa ya watoto. Mtoto akigeuza kopo kuwa gari tunamsifu. Baba yake akisema mtaa wetu ungeweza kuwa na maktaba tunamwambia aache kuota mchana. Kumbe mzani umekaa kinyume. Mtoto akiwaza hana cha kupoteza. Mtu mzima akiwaza analazimika kujua bei ya saruji, jina la mwenye kiwanja, na nani atakayenuna. Mawazo yake yana uzito kwa sababu yamepitia humo. Karama hakuokolewa na ndoto tamu. Alizungumza siku sita mfululizo, kwa mifano, mbele ya watu waliokuwa wakimtafutia kosa.

Wala isidhaniwe kwamba hii ni kazi ya wenye vipaji vya pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla huduma za fedha kwa simu hazijaenea, watu nchini Uganda walikuwa na njia yao ya kupeleka pesa kijijini. Kijana aliyeko Kampala ananunua vocha na kuikwangua. Badala ya kuingiza namba kwenye simu yake, anampigia mwenye kibanda cha simu kijijini kwao na kumsomea tarakimu moja baada ya nyingine. Mwenye kibanda anajiwekea salio, ambalo baadaye atawauzia wateja wake dakika kwa dakika, kisha anamkabidhi mama wa kijana yule noti mkononi, akijikatia fungu lake. Vocha ilitengenezwa kwa ajili ya maongezi tu. Aliyeitazama karatasi ile ndogo akaona ndani yake karo ya mdogo wake na dawa za mama yake alikuwa amefanya jambo kubwa, na jina lake hatutalijua kamwe.

Mwaka 2005 M-Pesa ilipokuwa ikijaribiwa nchini Kenya, lengo lilikuwa kuwarahisishia wakopaji kurejesha mikopo midogo. Wateja wakaigeuza: wakatumiana fedha wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikokuwa kiini cha huduma. Wahandisi walikuwa na akili ya kutosha kuwafuata wateja wao, na hilo nalo linahitaji moyo wa kuwaza.

Sayansi haiko mbali na haya. Mwaka 1907 Albert Einstein, naye akiwa mtumishi wa serikali katika ofisi ya hataza mjini Bern, alimwaza mtu anayeanguka kutoka juu ya paa, akagundua kwamba mtu huyo hatahisi uzito wake mwenyewe. Hakuwa na maabara. Kutokana na wazo hilo alikuja kujenga nadharia mpya ya mvutano, na Mei 1919 mwanga wa nyota ulipigwa picha wakati wa kupatwa kwa jua, Sobral nchini Brazili na katika kisiwa cha Príncipe, kwetu hapa Afrika, ukaonekana umepinda kama alivyokokotoa.

Kuna watakaotukumbusha kwamba watu wamewaza pia maovu. Wamesema kweli. Waliokutana Berlin kati ya Novemba 1884 na Februari 1885 waliiona Afrika kama ardhi isiyo na wenyewe, wakakubaliana kanuni za kuitwaa bila Mwafrika hata mmoja kuwapo mezani. Ramani zao zilikuwa kazi ya kubuni. Kilichokosekana ni uwezo wa kumwaza mtu wa upande wa pili kuwa ni mtu kamili, mwenye shamba, makaburi ya wazee wake na neno la kusema. Upungufu huo haukuisha na ukoloni. Mhandisi anayechora daraja la waenda kwa miguu lenye ngazi ndefu, bila kumwaza mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, ana upungufu ule ule. Mama yule atakatiza barabara katikati ya magari, nasi tutamwita mkaidi.

Kinachotusumbua sisi katika chumba hiki cha uhariri ni jinsi ofisi, shule na kamati zetu zinavyowafundisha watu wazima kuacha. Mpango kazi wa mwaka jana unafunguliwa, tarehe zinabadilishwa, asilimia chache zinaongezwa, kikao kinafungwa kwa chai. Aliyekuja na jambo jipya anaulizwa kama amewahi kuliona likifanyika kwingine. Akisema hapana, anaambiwa akae. Akisema ndiyo, anaambiwa huko ni kwao. Vijana wa kazi wanalitazama hilo mara mbili, tatu, halafu wananyamaza, na baada ya miaka tunalalamika kwamba hawana ubunifu.

Kwa hiyo kurasa zote za toleo hili tumewapa watu wazima: hadithi za nchi ambazo hazijakuwapo, makala za walioona matumizi mapya ya vitu vya zamani, na mabishano kuhusu miji tunayoijenga. Toleo lijalo tungependa liandikwe nanyi. Chagueni kitu kimoja kisichokuwapo mnapoishi au mnapofanya kazi, na ambacho kingestahili kuwapo. Kielezeni kwa ukamilifu: kitakaa wapi, kitagharimu nini, nani atakilinda usiku, nani atakipinga kwenye kikao na kwa hoja gani, na mtamjibu nini.