Rubani Ajifunze Wapi? Swali Tulilowaachia Mawakala

Kila muhula hunijia wanafunzi, na siku hizi hata watumishi wa umma wenye watoto waliomaliza kidato cha sita, wakiniuliza swali moja: kijana akasomee wapi leseni ya rubani binafsi? Wengi huja na karatasi ya wakala mkononi. Imeandikwa bei ya saa moja ya kuruka Afrika Kusini, Ufilipino au Florida, na chini yake jumla inayoonekana nafuu kuliko ya Nairobi au Dar es Salaam. Msimamo wangu ni kwamba karatasi hiyo ni nusu ya hesabu, na serikali zetu zimeiacha itawale kwa sababu hazijaweka mezani hesabu nzima.

Tuanze na jambo ambalo mawakala hulipitia haraka. Leseni ya rubani binafsi haimruhusu mwenye nayo kulipwa kwa kurusha ndege. Atajirusha kwa shughuli zake, atabeba jamaa na marafiki, lakini ujira hapokei. Anayetaka ajira anahitaji leseni ya biashara, ambayo kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hudai saa 200 za kuruka, au 150 akiwa katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Mzazi anayeuza kiwanja akidhani amenunua kazi, kwa kweli amenunua hatua ya kwanza tu ya safari ndefu.

Jambo la pili ni hizo saa 40 zinazopigiwa hesabu. Saa 40 ni kima cha chini cha kisheria, na wanafunzi wengi duniani hukizidi kabla mkufunzi hajaridhika kuwapeleka kwenye mtihani. Ongeza viza, malazi, vipimo vya afya, na wiki ambazo ndege iko karakana. Kisha ongeza gharama ambayo haimo kabisa katika karatasi ya wakala: kurudi nyumbani na kuomba leseni itambuliwe. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kifungu cha 32, unaipa kila nchi haki ya kukataa, kwa safari za juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake ameipata katika nchi nyingine. Kwa hiyo kijana mwenye leseni ya Marekani hawezi kushuka uwanjani na kukodi ndege kesho yake. Huenda akatakiwa kufanya mtihani wa sheria za anga za kwetu na kuruka tena mbele ya mkaguzi, kwa fedha zake.

Jambo la tatu ni anga lenyewe. Kiwanja cha Wilson, Nairobi, kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Cha Arusha kiko zaidi ya mita 1,300, na Mlima Meru uko jirani. Katika mwinuko huo, adhuhuri yenye joto, hewa ni nyepesi: injini hupungua nguvu, mabawa hubeba kidogo, na ndege ile ile ya viti vinne huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia na hupanda taratibu. Aliyezoea tambarare za pwani ya Florida ameisoma kanuni hiyo kitabuni. Aliyefunzwa Wilson ameiona kila alipoongeza moto injini.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba ughaibuni kuna ndege nyingi, wakufunzi wengi na mafuta ya bei nafuu, na mwanafunzi huruka karibu kila siku badala ya kusubiri wiki mbili. Ni kweli, na ni hoja nzito, kwa sababu mafunzo yanayokatikakatika huongeza saa na gharama. Anayekusudia kuishi na kuruka huko, na akasomee huko. Lakini wingi wa ndege si dhamana. Mwaka 2008 kampuni ya Silver State Helicopters, iliyokuwa na shule nyingi nchini Marekani, ilifilisika ghafla, na wanafunzi waliokwisha kukopa fedha za kozi nzima wakabaki na madeni bila leseni. Kanuni inayotokana na mkasa huo inafaa popote, Nevada au Dar es Salaam: usilipe kozi yote mkupuo mmoja, lipa kadiri unavyoruka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba swali hili tuliwahi kulijibu. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu wanachama. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, chuo kikabaki mikononi mwa Uganda peke yake. Jumuiya imefufuka, ina hata chombo cha kusimamia usalama wa anga huko Entebbe, lakini kila nchi ingali inatoa leseni yake. Tunahubiri umoja katika mikutano, ilhali kijana wa Mwanza anaiona Florida kuwa karibu kuliko Soroti.

Nazitaka mamlaka za usafiri wa anga zifanye jambo ambalo halihitaji mkopo wala mfadhili. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa haitoshi. Zichapishe kila mwaka, kwa kila chuo: ndege ngapi zinaruka kweli, wakufunzi wangapi wapo, wanafunzi wangapi walianza, wangapi walipata leseni, na kwa wastani wa saa ngapi. Takwimu hizi wakaguzi wanaweza kuzidai chuoni, mzazi hawezi. Na nyinyi wanafunzi, kabla ya kusaini popote, kaombeni kuyaona mambo hayo hayo kwa macho yenu. Chuo kisichotaka kuonyesha daftari la matengenezo ya ndege zake hakistahili fedha zenu, kiwe hapa au ng'ambo.

Mtumishi wa umma anayesoma haya na ambaye meza yake inapitiwa na taarifa hizo, anajua kwamba kuzichapisha ni kazi ya siku chache. Azitoe.