Mume wangu alinunua nyumba yenye magurudumu

Jumanne wiki hii alikuja bwana mmoja nyumbani kwetu Kimara kuangalia gari. Alilizunguka mara mbili, akapiga teke tairi la nyuma, akafungua mlango, akachungulia kitanda, jiko na kabati, kisha akataja bei. Haikuwa bei mbaya. Baba Neema hakumjibu. Alinigeukia mimi, mgeni akisikiliza, akasema: "Mwulize mwenye gari."

Mwenye gari! Wasomaji wangu wa siku nyingi mtacheka, maana mnajua nilivyolia kwa ajili ya gari hilo. Kwa mliojiunga karibuni, ngoja nianze mwanzo.

Mwaka juzi mume wangu alistaafu utumishi wa umma, upande wa maji, baada ya miaka 34. Mkupuo wake, baada ya kikokotoo kupita juu yake, haukuwa wa kutamba mtaani, lakini ulitosha kufanya jambo moja la maana. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa linajulikana: vyumba vinne vya kupangisha kwenye kiwanja chetu cha Kibaha. Tulikuwa tumelizungumza kwa miaka. Nilishaanza hata kuuliza bei ya tofali.

Jioni moja akarudi na Toyota Coaster kuukuu, lililokuwa likibeba wafanyakazi wa kiwanda. Nikadhani amepata lifti. Akazima injini, akashuka, akaniambia: "Mama Neema, usilione kama basi. Hii ni nyumba."

Akaeleza kwamba atang'oa viti, aweke vitanda, jiko, tangi la maji na sola juu ya paa, ili tuwe tunasafiri na kulala humo humo. Alikuwa amewaona wazee wa Kizungu wakipita Iringa na magari ya namna hiyo, mtu na mkewe, wakitembea Afrika kutoka juu mpaka chini. "Wastaafu wenzetu wanazunguka dunia," alisema, "sisi tutazunguka kliniki ya presha mpaka lini?"

Sikumjibu. Kwa siku tisa tulizungumza kupitia kitinda mimba wetu. "Mwambie baba yako chakula kipo mezani." "Mwambie mama yako nimeshiba." Siyo gari lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba fedha ya miaka 34, ambayo mimi nayo niliitumikia kwa kulea watoto wanne yeye akiwa kwenye miradi, ilitoka benki bila mimi kuulizwa hata neno moja.

Siku ya kumi alinifuata jikoni. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Nimeiona nchi hii yote, Mama Neema. Nimelala Tunduru, Kibondo, Mpanda. Lakini nimeiona peke yangu, kwenye mahema na gesti. Kila nilipoona kitu kizuri, sikuwa na wa kumwonyesha." Akakiri amekosea kutonishirikisha. Tukakubaliana mambo mawili. Kilichobaki kwenye mkupuo kiende kwenye akaunti ya sahihi mbili. Na kila senti inayoingia kwenye gari iandikwe kwenye daftari, na daftari nilishike mimi.

Basi likaenda kwa fundi. Baba Neema alimchukua fundi wa Keko, bingwa wa vitanda vya maharusi, naye akatutengenezea kazi ya maharusi kweli: kitanda cha mninga, kabati la mninga, hata rafu za vikombe za mninga. Lilipendeza ungedhani sebule ya mheshimiwa. Safari ya kwanza, tulipopita tuta la kwanza tu, makabati yote yakafunguka na sahani zikatoka kama kuku waliofunguliwa banda. Tulipofika mizani ya Vigwaza tukajua na uzito wa mninga. Gari la ukubwa ule lazima lipimwe, liwe limebeba saruji au limebeba mke na masufuria. Hatukuzidisha, lakini Baba Neema alipoiona ile namba alishika kichwa.

Tulirudi, tukang'oa mninga, tukaweka plaiwudi. Kila mlango ukapata komeo. Sahani za udongo zikarudi nyumbani, tukabaki na za plastiki. Maji nayo tulijifunza: tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100 za mzigo, kwa hiyo tunajaza nusu na kuongeza njiani.

Watoto wa jirani ndio walioliita Konokono, kwa kuwa linatembea polepole na nyumba mgongoni. Jina likakaa. Lakini barabarani watu hawajui kwamba ni Konokono. Wao wanaona Coaster. Asubuhi moja, foleni imetusimamisha pale Mbezi, mlango ulifunguliwa kwa nguvu na mama mmoja mwenye ndoo mbili za samaki akapanda huku akiuliza, "Kibaha bei gani?" Akanikuta nimejilaza na khanga, nakunywa chai. Tulitazamana. Nikamwambia karibu. Tulimshusha Kibaha bila nauli, akatuachia dagaa fungu moja.

Sasa niseme shida, kwa sababu najua wapo wanaume wanaosoma ukurasa huu kwa kuibia na tayari wanapiga hesabu.

Ya kwanza ni mafuta. Konokono anakula lita moja ya dizeli kwa kilomita sita au saba. Kwenda kwetu Njombe ni kama kilomita 700, kwa hiyo kabla hujanunua hata mhindi wa kuchoma umeshamaliza zaidi ya lita 100, na kurudi ni vivyo hivyo. Kila mwezi EWURA wakitangaza bei mpya, mimi na daftari langu tunasikiliza kwa makini kuliko taarifa ya habari.

Ya pili ni choo. Tunacho kidogo cha kubeba, chenye tangi lake la chini na dawa ya kuua harufu. Usiku ni neema. Asubuhi lazima mtu akakimwage chooni, kwenye gesti au nyumba mliyoomba hifadhi, kwa ruhusa na asante ndani yake. Hiyo ni kazi ya Baba Neema. Iliandikwa kwenye makubaliano.

Ya tatu ni gari kusimama. Watu hudhani gari linachoka likitembea. La kwetu linachoka zaidi likikaa. Betri inakufa, panya wanahamia kwenye godoro, mipira inakauka. Mwaka jana tairi lilipasuka karibu na Morogoro ilhali kashata zake zilikuwa bado nzima. Fundi akatuonyesha namba nne ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Lilikuwa limezeeka kwa jua, limesimama uani kwetu. Tulinunua sita kwa mpigo, na wiki ile daftari lilinifanya nikose usingizi.

Ya nne ni ndugu. Gari lenye vitanda ni mali ya ukoo. Wameliomba kwa harusi, kwa msiba, kwa kuhamisha vyombo. Shemeji mmoja aliuliza kama anaweza kulikodi awe analala humo akijenga nyumba yake.

Nimeandika hesabu nyingine pia nyuma ya daftari. Kwa miaka miwili tumelala ndani ya Konokono usiku 41. Siku nyingine zote limelala lenyewe, tukililipia bima. Ukigawanya gharama kwa usiku 41, tungeweza kulala hoteli za maana. Hilo nimemwambia Baba Neema, naye hakubisha.

Lakini kuna mambo ambayo daftari halina safu yake.

Mama mkwe wangu ana miaka 84. Yuko Njombe, na alikuwa hajafika Dar es Salaam kwa miaka 11. Si kwamba hakutaka. Magoti yamekataa, na ana sukari, kwa hiyo haja ndogo haimpi nafasi. Kwenye basi wakisimama kuchimba dawa ni dakika chache, porini, kijana anapiga honi. "Mwanangu," aliwahi kuniambia, "basi halina subira na kibofu cha mzee." Neema alipojifungua mtoto wake wa kwanza, bibi alimwona kitukuu kwenye simu, akagusa kioo kwa kidole, akanyamaza.

Julai iliyopita tukaenda kumchukua. Tulilala Mikumi mjini, kwenye ua wa gesti tuliyolipia maji na ulinzi. Tulikuwa tumepita tembo alasiri kando ya barabara kuu ndani ya hifadhi, Baba Neema akipunguza mwendo na kunionyesha kila mmoja kama vile yeye ndiye aliyewaweka pale. Kesho yake Kitonga ilituweza. Mshale wa joto ulipanda, tukasimama pembeni saa nzima kusubiri rejeta ipoe, malori yakitupita kwa kutambaa. Nilipika chai. Tuliongea kuhusu mwaka ambao mtoto wetu wa pili aliugua na yeye hakuwepo. Ni habari ambayo tulikuwa hatujawahi kuiongea, miaka 26.

Njombe mwezi wa saba baridi haina utani. Usiku ule tuliegesha uani kwa mama mkwe, na kijana mmoja wa pale, kwa upendo kabisa, akataka kutuletea jiko la mkaa ndani ya gari tuote. Baba Neema alimzuia kwa sauti kali mpaka nikaona aibu. Baadaye ndipo nilipoelewa. Kwenye miradi alishaona wafanyakazi waliolala na jiko la mkaa kwenye hema na hawakuamka. Hewa ile ya mkaa haina harufu. Nawaambia na ninyi, iwe gari, iwe chumba kilichofungwa: blanketi la tatu ni bora kuliko jiko. Na mtungi wa gesi ufungwe kabla gari halijaondoka, na sakafuni pawe na tundu la kutolea hewa, maana gesi ya kupikia ikivuja inashuka chini, haipandi.

Asubuhi tukampandisha mama. "Kamwene," akaisalimia ile nyumba kama mtu, akapapasa godoro, akafungua mlango wa choo, akaufunga, akaufungua tena. Safari ilichukua siku tatu. Alilala alipotaka, tulisimama alipotaka. Pale Ilula alituagiza nyanya na vitunguu kana kwamba anafungua duka. Tulipofika Kimara, Neema alikuwa barazani na mtoto. Mama mkwe alikaa kwanza, akanawa mikono, ndipo akasema, "Haya, nipeni mume wangu." Alikaa naye wiki sita.

Sasa turudi kwa yule mnunuzi wa Jumanne. Bei aliyotaja ingetosha kuanzisha vyumba viwili Kibaha. Baba Neema alikuwa amesimama kimya, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri matokeo. Ningeweza kulipiza siku ile. Nilimwambia yule bwana kwamba tunauza, lakini si sasa. Desemba tunampeleka kitukuu Njombe akaonyeshwe kaburi la babu yake na mti wa matunda damu uliopandwa kwa jina lake. Tukirudi Januari, aje na fedha yake tuzungumze. Kama amepata jingine kabla ya hapo, halali yake.

Baba Neema alikubali. Aliingia ndani akanawa, akatoka na daftari, akaandika mwenyewe ukurasa mpya: "Vyumba, Kibaha."

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi kinababa mkachukue viinua mgongo vyenu mkanunue mabasi. Kama gari ndilo mnalolitaka, kodini kwanza kwa wiki moja muone kama mnaweza kukaa wawili kwenye chumba cha hatua sita bila kugombana. Kama mna fedha ya jambo moja tu, nyumba ya kupangisha haipasuki tairi. Lakini lolote mtakalonunua, gari, mashine ya kusaga au ng'ombe, semezaneni kabla fedha haijatoka benki. Mimi nimelisamehe gari siku nyingi. Zile siku tisa za kimya ndizo tulizolipa ghali, na hizo hazina mnunuzi.

Tukutane wiki ijayo.