Malungu ya Ufipa: Maabara Inayobomoka

Kila mwaka wasafiri wengi huenda jangwani kuyatazama magofu ya Wanabatea. Huko Petra, nchini Yordani, na huko Hegra, katika Saudi Arabia, watu hao walichonga makaburi ndani ya miamba yapata miaka 2,000 iliyopita. Hegra peke yake ina makaburi makubwa 111, na 94 kati yake yamepambwa. Petra iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1985, na Hegra mwaka 2008. Wageni hulala karibu ili wayaone mawe hayo jua linapochwa na linapochomoza, wala hapana anayedhani kwamba usiku huo umepotea bure.

Mwanafunzi wa Sumbawanga hana haja ya kuvuka bahari ili asome kazi ya mikono ya watu waliotangulia. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, hasa Wilaya ya Nkasi, yapo mabaki ya tanuri ndefu za udongo zilizotumika kupatia chuma. Wafipa huziita malungu. Moja ni ilungu. Baadhi zingali zimesimama kupita kimo cha mtu. Nyingine zimebaki duara la udongo uliochomwa, na kando yake lundo la mavi ya chuma. Yafaa kila shule ya sekondari mkoani Rukwa ilale usiku mmoja karibu na malungu, na ifanye hivyo mapema, kwa kuwa udongo hauna subira ya mwamba.

Sayansi iliyomo ndani ya tanuri

Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao ni mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchambua na kuushikamanisha. Chini palitobolewa matundu kuzunguka tanuri, na ndani yake ikaingizwa mirija ya udongo. Tanuri lilijazwa makaa na mawe yenye madini ya chuma, kisha likawashwa. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Hewa yenye joto ilipanda juu, na hewa baridi ikavutwa ndani kupitia mirija, kama inavyotokea katika bomba la moshi. Urefu wa tanuri, basi, haukuwa pambo. Huo ndio uliokuwa mvukuto wake.

Hapa mwalimu wa kemia hupata mfano ulio bora kuliko mchoro wa kitabuni. Makaa yakiungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo huyanyang'anya madini oksijeni yake:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Neno "kuyeyusha" nalo lahitaji uangalifu. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri la namna hii halikuhitaji kufika huko. Kilichoyeyuka ni uchafu, yaani mavi ya chuma, ambayo huwa majimaji kwenye nyuzi 1,200 hivi. Chuma chenyewe kilibaki bonge lenye vitundu, ambalo lilichomwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, safari hii kwa mivukuto, kabla ya kupelekwa kwa mhunzi. Kutoka kwake lilitoka jembe, na kwa jembe hilo Wafipa walipandisha matuta ya mviringo yanayofukiwa nyasi ili zioze na kurutubisha ardhi. Kemia, fizikia, kilimo na historia hukutana mahali pamoja.

Kwa nini kulala?

Ziara ya saa mbili hutosha kupiga picha tu. Kazi ya kweli yataka muda. Alasiri wanafunzi wapime kimo cha ilungu kwa njia ya vivuli, wahesabu matundu, na wachore ramani ya eneo. Wajaribu mavi ya chuma kwa sumaku waone kama chuma kilibaki ndani. Jioni wawasikilize wazee wa kijiji, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa na nyimbo, dawa na miiko yake, na tanuri lenyewe lilitendewa kama bibi arusi. Mwanafunzi asiyacheke mambo hayo. Ajiulize jinsi watu wasioandika walivyoweza kuhifadhi utaratibu mrefu namna ile bila kukosea hatua. Asubuhi, jua likiwa chini, mashimo na matuta yasiyoonekana mchana hujitokeza kwa vivuli vyake.

Hatari iliyopo

Mwaka 1937 R. C. H. Greig alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records maelezo ya kazi hiyo ya Ufipa. Waliowahi kuifanya kwa mikono yao wamekwisha kufariki. Yaliyobaki ni kumbukumbu za watoto na wajukuu wao, na kuta za udongo zinazonyeshewa kila masika.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ilungu lililojengwa mwaka 1890 huhitaji tangazo la Waziri ndipo lilindwe. Kwa hiyo mkulima analibomoa apate nafasi ya kulima, wala hapana wa kumlaumu, maana hakuna aliyemwambia kwamba lina thamani.

Watasema wengine kwamba safari ni gharama, na kwamba wanafunzi wataharibu zaidi ya mvua. Gharama hupungua iwapo shule ya kijijini itatoa madarasa ya kulala, na wageni wakaja na chakula chao. Kuhusu uharibifu, kanuni ni chache: kibali cha serikali ya kijiji kwanza, hapana kuchimba, hapana kupanda juu ya tanuri, hapana kuondoka na hata kipande kimoja. Kinachochukuliwa ni vipimo, michoro na maneno ya wazee. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili kijijini, na ya tatu ipelekwe kwa Afisa Utamaduni wa wilaya.

Shule kumi zikifanya hivyo kwa miaka mitano, Rukwa itakuwa na daftari la malungu yake, na ombi la kuyalinda litakuwa na ushahidi wa kupelekwa kwa Waziri. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje. Yahitaji utepe wa kupimia, daftari, na mwalimu aliye tayari kulala sakafuni usiku mmoja.