Jina la Nyumbani

Mtoto wa dada yangu alizaliwa hapa Babati usiku wa mvua kubwa. Bibi yake akaanza kumwita Tluway, yaani mvua kwa Kiiraqw. Tulipokwenda kumwandikisha ubatizo tukaambiwa: hilo ni la nyumbani, leteni la Kikristo. Shangazi mmoja akafungua simu, akaibuka na Bernadeta. "Zuri," akasema, "la Kifaransa."

Sina ugomvi na Bernadeta. Nina ugomvi na hayo maneno "la nyumbani", yanavyotamkwa kana kwamba nyumbani ni mahali pachafu.

Tulichambue basi. Bernadette ni Bernard la kike, tena la kudekeza. Na Bernard asili yake si Kifaransa. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kijerumani cha kale, dubu na imara. Humo hamna Yesu wala msalaba. Kuna mnyama, tena ambaye sisi hatumjui. Ziwani kwetu kuna viboko. Kilicholitakasa jina hilo si maana yake, ni watu waliolibeba.

Aliyelibeba hadi likatufikia ni binti wa msaga unga wa Lourdes, Bernadette Soubirous. Alibatizwa kwa majina ya Bernarde na Marie. Bernadette ndivyo walivyomwita kwao. Lilikuwa jina la nyumbani! Mwaka 1858, akiwa na miaka 14, Kifaransa hakukijua sawasawa. Aliongea lugha ya kwao, na kwa ushuhuda wake, Bibi aliyemtokea alimsemesha kwa lugha hiyohiyo. Hakumwambia akajifunze kwanza ya wakubwa. Mwaka 1933 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Wanaotukatalia hawana hata sheria ya kuegemea. Ile ya 1917 iliagiza mtoto apewe jina la Kikristo. Ya 1983, kanuni ya 855, inakataza tu jina lisilopatana na hisia za Kikristo. Mvua ina kosa gani? Si ndiyo tunayoiombea kanisani inapochelewa?

Dada yangu akitaka Bernadeta, aliweke. Lakini daftarini Tluway liandikwe pia, kwa wino uleule. Huenda mtakatifu wa kwanza wa jina hilo bado ananyonya.