Daftari la Wiki: Masika Yaliyobaki Ndani

JUMATATU. Nimefungua kabati kutafuta kanzu ya kuendea msibani, nikaikuta imefanya madoa ya kijivu mabegani kama ya mtu aliyebeba gunia la mkaa. Viatu vya ngozi chini yake vimeota ukungu mweupe hadi kwenye kamba. Mvua ilikatika mwishoni mwa Mei, sasa ni Julai, kusi inavuma na barabara ya mtaani kwetu hapa Kerege inatimua vumbi. Lakini masika yana tabia ya kuisha nje kwanza. Nyuma ya makabati yanaendelea.

Mama watoto alisimama mlangoni, akaitazama kanzu, kisha akanitazama mimi. "Baba, hilo kabati limegusa ukuta tangu tuhamie. Ulitegemea nini?"

Tukalivuta. Ule ubao mwembamba wa nyuma umevimba na kuachia kona mbili. Ukutani kuna ramani nyeusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Nyumba zetu nyingi za tofali za simenti zimejengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi, basi ukuta unafyonza maji ya ardhini kama andazi kwenye chai. Fundi atakwambia upake rangi. Rangi juu ya ukungu hudumu hadi masika yajayo. Sisi tumesugua kwa brashi na maji ya sabuni, tumeacha madirisha wazi siku mbili, na kabati limerudi likiwa mbali na ukuta kiasi cha kiganja kupita.

Shangazi yangu wa Bagamoyo mjini alishauri kwa simu tuwashe chetezo, tufukize nguo kwa ubani. Nampenda shangazi, na udi naupenda zaidi, lakini moshi hauui ukungu. Unautia manukato tu.

JUMANNE. Magodoro juani, saa tatu hadi saa tisa, yakigeuzwa adhuhuri. Mito pia, na mikeka, na lile zulia ambalo kila mtu anadai ni safi mpaka siku likipigwa fimbo. Jua ndiyo sabuni ya kwanza ya pwani na haiuzwi dukani. Ila msilibebeshe kazi isiyo yake: joto halipenyi hadi katikati ya godoro la sponji, na kunguni hawalali godoroni peke yake. Wapo kwenye mishono, na wapo kwenye nyufa za chaga. Hao dawa yao ni birika la maji yanayochemka, ufa kwa ufa, uvumilivu ukiwepo.

JUMATANO. Nimekaa barazani na mgongo unaouma, nikawaza: wenzetu wa nchi za baridi hufanya usafi huu majira ya machipuo, theluji ikiyeyuka na madirisha yakifunguliwa. Wairani wana jina zuri la kazi hiyo, khane tekani, maana yake kuitikisa nyumba, na huifanya kabla ya Nowruz, mwaka wao mpya wa mwezi Machi. Nowruz hiyohiyo ndiyo iliyotua pwani kwetu ikawa Nairuzi. Kwa kuwa mwaka wa Nairuzi ni wa siku 365 kamili bila nyongeza ya mwaka mrefu, sikukuu ilisogea taratibu, na leo Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa mwezi Julai. Zamani siku ya mwaka watu walizoa majivu ya mekoni, wakawasha moto mpya, wakaenda kuoga baharini. Yaani kalenda, kwa kuteleza kwake, ikaangukia palepale panapotufaa: masika yamepita, kipupwe kimeingia, vitu vinakauka.

ALHAMISI. Jikoni. Nilipewa mbuzi, na watoto wamecheka kumwona baba amekalia mbuzi bila nazi. Jamani, igeuzeni mbuzi yenu muitazame chini. Pale chuma kinapoingia kwenye mti kuna uji mkavu wa tui la miezi, wa manjano, wenye harufu ya mafuta yaliyochacha, na njia ya sisimizi inayoanzia hapo. Kitambaa hakifiki. Nimetumia mswaki mkuukuu na maji ya moto, kisha majivu na nusu ya ndimu kwenye meno ya chuma, kisha jua. Msiiloweke: mti utapasuka na chuma kitaanza kucheza.

Ndimu zilizobaki zimekwenda kwenye birika la umeme. Maji ya kisima chetu ni ya chokaa, na ndani ya birika yameacha magamba meupe. Chemsha maji yenye ndimu mbili, acha yapoe, mwaga. Magamba yanatoka yenyewe. Ubao wa kukatia nyama nao: chumvi ya mawe, ndimu, sugua, suuza, simamisha juani.

Sasa aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, kwa haraka ya kumaliza choo, nilimimina dawa ya choo, ile yenye asidi, kisha nikaongeza dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikidhani mbili zitashinda moja. Nilitoka mle nikikohoa na machozi yakinitoka, nikakaa chini ya mwembe nusu saa. Vitu hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, ileile waliyopuliziwa askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Moja kwa siku yake inatosha.

IJUMAA. Nyuma ya jiko nimehesabu vifuu 31, tunavyoviweka kwa ajili ya kuwashia moto. Kumi na viwili vilikuwa vimetazama juu. Dar es Salaam iliugua homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, anayeuma mchana, hahitaji dimbwi. Kifuu chenye maji ya mvua kinamtosha. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukame kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji ya pipa hakutoshi, kuta zake zisuguliwe. Vifuu vimelazwa kifudifudi, chini ya bati.

JUMAMOSI. Ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Nakumbuka tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na kuokota taka mwenyewe. Tangu hapo tumekuwa hodari wa kufagia mbele ya nyumba, panapoonekana. Taka za leo mtaani kwetu zimehamia korongoni, zinangoja vuli izirudishe.

Kabati la vyombo tumelimaliza jioni. Kuna sahani nne na hotipoti ya buluu ambazo si zetu, zilikuja na futari mwezi wa Ramadhani. Wenyewe wapite wachukue, zimeoshwa. Na aliye na ungo wetu, ule wenye ukingo uliofungwa waya, tunauhitaji, mchele una chuya.